Skrubu 47

Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya tuna ugonjwa mmoja: wakifa watu kwenye hadithi, lazima tumtafute jambazi. Basi hebu tuitazame ajali ya ndege ya Continental Express, safari namba 2574, iliyotokea Texas, Marekani, tarehe 11 Septemba 1991. Watu 14 walikufa. Jambazi hayumo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, ndege hiyo aina ya Embraer Brasilia ilikuwa karakana, Houston. Mafundi walikuwa wanabadilisha mipira ya kuondoa barafu kwenye ukingo wa mbele wa mabawa ya mkia. Mkia wenyewe una umbo la herufi T, mabawa yako juu kabisa. Ukisimama chini huoni mgongo wake.

Mafundi wa zamu ya jioni walishika upande wa kulia. Mkaguzi mmoja akapanda kuwasaidia. Alipomaliza kufungua skrubu za juu za kulia, akavuka akafungua na za kushoto. Zilikuwa 47.

Hapo zamu zikapishana. Mkaguzi wa usiku alifika mapema, akasoma karatasi ya makabidhiano. Habari za ndege hiyo hakuziona, maana mwenzake alikuwa bado hajaziandika! Aliziandika baadaye, kisha akaenda zake nyumbani. Zamu ya usiku ikaurudisha upande wa kulia, ikaona wa kushoto ungoje siku nyingine. Nani angejua kwamba huko juu umeshafunguliwa?

Asubuhi ndege ikaenda Laredo salama salimini. Ikageuza na abiria 11 na wafanyakazi 3. Ikiwa inashuka kuelekea Houston, ukingo wa kushoto ukang'oka. Pua ikainama ghafla, ndege ikakatika vipande angani, ikaanguka shambani karibu na Eagle Lake. Hakupona mtu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilisema chanzo ni mafundi na wakaguzi kutofuata taratibu za kazi, ikaitaja pia serikali kwa usimamizi hafifu. Mjumbe mmoja, John Lauber, akakataa kuishia hapo. Alisema uongozi wa kampuni nao utajwe kuwa chanzo, kwa kushindwa kujenga mazoea ya kufuata taratibu hizo. Nami namuunga mkono. Fundi mmoja akiruka hatua, huyo kateleza. Wakiruka wengi usiku mmoja, na kazi ikapita, basi hayo ndiyo maisha ya pale kazini, na mwenye nyumba anayajua.

Wenzangu wa kalamu, tunajisumbua sana kutafuta maneno makubwa. Usiku ule Houston ilihitajika sentensi moja tu, tena ya kawaida kabisa: "Kushoto, juu, skrubu zimetolewa." Iliandikwa nyingine, haikutaja upande, tena ikachelewa.