Miguu ya Wazee wa Mlalo

Ukisoma historia ya Mlalo, kama ninavyofanya sasa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, unakutana na miguu na migongo ya watu ikitajwa kama nguvu kazi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulipanuliwa katika Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko mikali, na aliyekaidi alitozwa faini. Wanawake, waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula, ndio walioelemewa zaidi. Chuki dhidi ya matuta iliipatia TANU wafuasi wengi, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango huo ulikuwa umekufa.

Bibi yangu ni wa kizazi kilichozaliwa katika miaka hiyo. Amepita sabini, na siku ya soko bado anashuka na maharage kichwani, kisha anapanda tena hadi nyumbani. Mwulize kuhusu mazoezi, atakucheka.

Lakini kuna historia nyingine ya miguu, ile ya michezo, na humo umri huandikwa. Oktoba 1968, jijini Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni akiwa na miaka 36. Miaka minne baadaye, mjini Munich, alipata medali ya shaba akiwa na miaka 40. Katika mbio zile za Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya Wolde. Sisi tunamkumbuka Akhwari kwa goti lile lililofungwa bandeji. Mimi namkumbuka pia kwa Aprili 2008, alipokuwa mmoja wa walioukimbiza mwenge wa Olimpiki jijini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka kama 70.

Mwaka 1975 mji wa Toronto uliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha kwa maveterani. Ed Whitlock, mkazi wa Kanada aliyekuwa akijifua kwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, alikimbia marathoni chini ya saa 3 mwaka 2004 akiwa na miaka 73. Wataalamu wanasema uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takribani asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30, na kwamba anayeendelea kujizoeza hupungukiwa kidogo kuliko anayekaa.

Naogopa kumlinganisha bibi na Whitlock kwa haraka. Whitlock aliamua mwenyewe kukimbia, na siku akichoka angeweza kubaki kitandani. Bibi asipofika sokoni, maharage hayauziki. Kumwita mwanamichezo kunaweza kuwa njia ya heshima ya kuufumbia macho mzigo wake, kama maofisa wa matuta walivyoona mteremko wasione aliyekuwa akiulima.

Hata hivyo, sioni kwamba jibu ni kumkalisha. Nyumbani kwetu ubishi huu ni wa kweli. Mjomba anataka bibi apande bodaboda kila safari au aache soko kabisa. Anasema ni aibu mama yao kuonekana njiani na mzigo. Ana hoja. Ila nimeona pia jinsi mzee anayeambiwa "pumzika" kila siku anavyoishia kushindwa kufika hata kwa jirani. Kwenye milima hii, asiyeweza kupanda hana mazishi ya kuhudhuria, hana ibada, hana umbea wa sokoni. Anabaki kuletewa habari.

Kwa hiyo mimi nimesimama hapa: maharage yapande bodaboda, bibi atembee. Mjomba ameahidi kulipia nauli ya gunia. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba asiulizwe amechukua muda gani njiani, maana huwa anasimama kuamkia watu.