Aliyesimama kando ya pazia jeupe: miaka 90 ya sinema za kufundisha utunzaji wa ardhi na maji

Mwaka 1935, kwenye vilima vya Vugiri huko Usambara, Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, alianza kupiga filamu za kuwaelimisha Waafrika. Mradi wake uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni na kugharamiwa na shirika la Carnegie la New York. Upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetoka filamu zipatazo 35 zilizohusu safura, kodi, benki ya posta, kilimo na mmomonyoko wa udongo.

Miaka 90 baadaye, Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, mafunzo ya aina hiyo hayahitaji tena lori wala jenereta. Mkulima anayesubiri gari stendi anaweza kutazama kwenye simu namna ya kupandikiza parachichi, kukinga maji shambani au kuotesha miche ya misindano. Vyombo vimebadilika mara nyingi katikati ya nyakati hizo mbili. Lakini katika kila zama, somo lilishika pale tu alipokuwepo mtu kando ya picha, anayejua lugha na shamba la watazamaji, na anayeweza kuulizwa swali.

Santuri na kipaza sauti

Filamu za Vugiri zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 16, na mkanda wenyewe haukuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, ili picha ileile iseme Kiswahili Tanganyika na lugha nyingine ikivuka mpaka. Mwaka huohuo wa 1935 lori lilianza safari ya maonyesho iliyopita Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda. Ubovu wa mpango ule ulikuwa kwamba santuri na mkanda vilitakiwa kwenda sawia. Vikipishana kidogo tu, mtu kwenye picha anafumba mdomo huku sauti yake ikiendelea kusema. Msimulizi mwenye kipaza sauti, anayeeleza palepale kwa lugha ya wenyeji, hakuwa na shida hiyo.

Mojawapo ya filamu chache zilizosalia inaonyesha mashamba ya majaribio ya Kingolwira, karibu na Morogoro, ambako wakulima waligawiwa viwanja vilivyopimwa. Ni somo la matumizi bora ya ardhi, ila anayelitoa ni serikali, na mkulima amewekwa humo kama mfano wa kutazamwa. Fedha za Carnegie zilipokwisha, mradi haukupata wa kuubeba.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ameanza kuonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo filamu zikatengenezwa kwa mwendo wa pole, tukio moja baada ya jingine, bila manjonjo ya kamera. Maafisa walipenda kusimuliana kisa cha watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa hadi kujaza pazia zima, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Kisa hicho kilisimuliwa ili kuonyesha ujinga wa mtazamaji. Ukikigeuza, kinaonyesha mtu anayepima anachoonyeshwa kwa anachokijua, na aliyekosa wa kumjibu.

Milima ya Uluguru, huko Morogoro, ilikuwa na jibu kali zaidi. Wakulima waliamriwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia udongo usisombwe na maji. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na amri ilikuja na adhabu. Mwaka 1955 fujo zilizuka na mpango ukaachwa. Elimu ya mmomonyoko ilikuwa na ukweli wake, lakini ilifika ikiwa imeshikwa na mkono uleule uliotoza faini.

Katika muongo huohuo kampuni ya African Film Productions ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, aliigiza kijana wa Songea, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Hapo angalau mtazamaji alisikia lugha yake ikitoka kwenye vinywa vya watu wa kwao.

Usiku wa sinema ya bure

Baada ya Uhuru magari ya sinema yaliendelea kuzunguka, sasa yakibeba ujumbe wa taifa jipya. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaja Taasisi ya Vielelezo.

Kazi ya gari la sinema ilikuwa na utaratibu wake. Mchana gari lilipita na kipaza sauti likitangaza. Jioni shuka jeupe lilitundikwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa shule, na jenereta likawekwa mbali, nyuma ya gari, ili ngurumo yake isimeze maneno. Watoto walikaa mbele, chini kabisa. Waliokosa nafasi walizunguka nyuma ya shuka na kutazama sinema iliyogeuka, maandishi yakisomeka kinyumenyume. Nyanda za juu, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, mtu aliyekwenda bila blanketi hakuona mwisho wa sinema. Mkanda mmoja ulipokwisha taa iliwashwa ili fundi aweke mwingine, na hapo ndipo mwenye kipaza sauti alipopata nafasi ya kueleza, kutania na kujibu. Wengi walirudi nyumbani na maneno yake zaidi kuliko ya filamu.

Mpangilio wa namna hiyo ndio ulioinua kampeni za redio. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi aliyefunzwa. Kipindi kikimalizika, kikundi kilijadili na kuamua la kufanya, iwe kuchimba choo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Mwaka 1980 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilileta Misitu ni Mali, kampeni ya kupanda na kutunza miti.

Njombe ilikuwa na historia yake ya miti. Mwaka 1949 shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya TANWAT na kupanda miwati kwa ajili ya magome yenye dawa ya kutengenezea ngozi. Mti wa kibiashara ulijulikana huku kwa macho na kwa mshahara. Leo misindano na milingoti imetanda vilimani, na wengi wanaihesabu kama akiba ya ada na nyumba ya bati.

Kamera yabadili mkono

Katika miaka ya 1990, Mtwara na Lindi, mradi wa maendeleo ya vijijini wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, uliruhusu wanakijiji waseme wenyewe mbele ya kamera, wajitazame, wabishane, kisha wapeleke kanda kwa viongozi. Wavuvi walieleza jinsi baruti inavyoua matumbawe na mazalia ya samaki, na jinsi wenye baruti wanavyokingwa. Kundi la Maneno Mengi lilikuza mtindo huo wa video shirikishi. Hapo aliyekuwa akifundishwa ndiye aliyefundisha, na ofisa ndiye aliyeketi kutazama.

Mijini na kwenye vituo vya barabarani, kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea video, kilikuwa na shule yake. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina kwa kutafsiri filamu za kigeni juu ya kanda za VHS, akiongeza chumvi na mifano ya hapahapa. Hakufundisha mazingira. Lakini alithibitisha kile ambacho wenye gari la sinema walikijua, kwamba Watanzania hupenda filamu yenye msimulizi wao.

Televisheni binafsi zilifika Tanzania Bara mwaka 1994. Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC, hesabu na sayansi zikifundishwa kwa katuni zilizochorwa Dar es Salaam. Njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea nayo ilisogeza umeme karibu na vijiji ambavyo zamani vilisubiri jenereta la serikali.

Mto hauonekani wote

Kuna somo ambalo picha hulimudu kuliko ubao. Mito ya Mkoa wa Njombe hukimbilia pande tatu. Ruhuji, unaopita mjini Njombe na kuporomoka kwenye maporomoko yake, huingia Kilombero, kisha Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mbarali hushuka hadi Usangu, huingia Ruaha Mkuu na kuelekea Mtera na Kidatu. Ruhuhu hutafuta Ziwa Nyasa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtoto wa Njombe akionyeshwa safari hiyo kwa dakika 10, anaelewa kwamba mfereji wa jirani yao na taa ya Dar es Salaam ni habari moja.

Maswali huanza hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Video inaweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Lakini vinyungu, bustani za bondeni zinazolishwa na unyevu wa mto, ndivyo vinavyotoa mboga, mahindi mabichi na ada wakati wa kiangazi. Mama mwenye kinyungu atauliza alime wapi, na kwa nini milingoti ya mwenye fedha imesimama bondeni wakati yeye anafukuzwa. Simu haina jibu la swali hilo.

Parachichi nayo ina mtihani wake. Somo zuri lililorekodiwa kwenye joto halitaji sakitu, ilhali bonde la Njombe linaweza kuunguza miche michanga kwa usiku mmoja wa Julai. Anayejua kwamba mche upandwe mteremkoni, si chini ambako baridi hutuama, ni jirani aliyeshapoteza miche, au bwana shamba anayepita na pikipiki.

Kwa hiyo halmashauri, shirika au kijana mwenye kamera anayetaka kutengeneza video za mazingira kwa ajili ya Njombe na Makambako anapaswa kutenga fungu la pili katika bajeti yake. La kwanza ni la kurekodi. La pili ni la nauli na posho ya mtu atakayekaa na watazamaji baada ya video kwisha, awe mwalimu, afisa ugani au mkulima wa kijiji cha pili, na arudi na maswali yao ili yaingie kwenye video inayofuata. Vikundi vya Mtu ni Afya vilifanya hivyo kwa redio ya betri na kitabu, na watu wakashika majembe wakachimba vyoo.