Sultan Khan na Hatua Moja ya Askari

Katika mashindano ya Hastings, Uingereza, ya mwaka 1930-31, Mir Sultan Khan wa Punjab alilikabili bao la sataranji mbele ya José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Mchezo wao uliandikwa hatua kwa hatua, na maandishi hayo yanaeleza mambo ambayo masimulizi ya zama zile yaliyaficha.

Sultan Khan aliwasili London mwaka 1929 katika msafara wa Sir Umar Hayat Khan. Mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa Uingereza, akautwaa tena 1932 na 1933. Alikuwa amelelewa katika sataranji ya Kihindi, ambayo askari wake haruki nyumba mbili kwa mkupuo. Kwa hiyo waandishi wa Ulaya walimsifu kwa kipaji, lakini wakadai kwamba elimu ya ufunguzi hakuwa nayo.

Mchezo wenyewe wasemaje? Capablanca, mwenye kete nyeusi, alichagua kinga ambayo Wazungu wameipa jina la Kinga ya Kihindi ya Malkia. Katika hatua ya tano, Sultan Khan alimsogeza askari wa ukingo wa kushoto nyumba moja tu. Kwa asiyejua, huo ni upotezaji wa zamu. Kumbe ndiyo iliyomfungia njia tembo mweusi, kete ambayo Waingereza huiita askofu, asipate kumbana farasi mweupe. Miongo kadhaa baadaye, mpango huo ulikuja kuitwa kwa jina la Tigran Petrosian, bingwa wa dunia wa 1963 hadi 1969.

Baadaye Sultan Khan alimtoa malkia wake kwa ngome mbili, akambana mpinzani wake kwa subira mpaka Capablanca akasalimu amri katika hatua ya 65. Mwisho wa mashindano alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Max Euwe na Capablanca mwenyewe.

Alirejea kwao mwishoni mwa 1933, akafariki Pakistan mwaka 1966. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilimtunuku cheo cha heshima cha ubingwa mkuu mwaka 2024, miaka 58 baada ya kifo chake. Hata hivyo, ushahidi wa elimu yake ulikuwa umeandikwa tangu Hastings, ukimngoja msomaji wa haki.