Hospitali ya Mirembe

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili ya Tanzania. Iko jijini Dodoma na ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza. Chini yake zipo Taasisi ya Isanga, inayowatunza wagonjwa walioletwa kwa amri ya mahakama, na kituo cha Itega cha waraibu wa dawa za kulevya.

Kabla ya Mirembe

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Tanganyika haikuwa Dodoma, bali Lutindi, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo hapo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo kinaendelea na kazi hiyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Kwingineko mgonjwa alibaki mikononi mwa ndugu na waganga. Aliyeogopwa alifungwa kamba au kutupwa gerezani.

Kuanzishwa na kukua

Dodoma, ilikojengwa Mirembe, ni mji wa Reli ya Kati, katika nyanda kame za Wagogo. Kwa reli hiyo uliungana na Dar es Salaam upande mmoja, na Tabora na Kigoma upande wa pili. Nyumba za wagonjwa wa akili za enzi ya ukoloni zilijengwa kwanza kwa ajili ya kuzuia, na tiba ikafuata baadaye. Ukuta, lango na funguo vilikuja kabla ya dawa: klopromazini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya skizofrenia, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952.

Madaktari wa kikoloni waliandika mengi juu ya akili ya Mwafrika, na mengi ya waliyoandika yalikuwa dhuluma. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, alidai katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Madai hayo yamekwisha kukataliwa kabisa. Wagonjwa wenyewe, ambao kwao madai hayo yalichotwa, hawakuachiwa nafasi ya kuandika lolote.

Isanga

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, mahakama ikithibitisha kwamba mshtakiwa alitenda kosa akiwa hana akili timamu, hapewi adhabu ya kawaida. Huwekwa chini ya uangalizi, na kutoka kwake husubiri uamuzi wa mamlaka ya serikali. Kwa hiyo mtu anaweza kupata nafuu wodini huku faili lake likiwa bado halijapata saini. Muuguzi wa Isanga hubeba kazi mbili kwa wakati mmoja, kutibu na kulinda, na anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Vijiji vya kilimo

Baada ya uhuru vilianzishwa vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga.

Huduma mikoani

Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianzia Morogoro na Kilimanjaro ili tiba ya akili ipatikane hadi zahanati. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008.

Jina katika mazungumzo

Nchini Tanzania, “Mirembe” imekuwa tusi. Anayezungumza peke yake kituo cha daladala huambiwa apelekwe Mirembe, kama Mkenya anavyotajiwa Mathari na Mzanzibari hospitali ya Kidongo Chekundu. Kwa sababu ya tusi hilo wengi huficha sonona hadi inapokuwa kubwa.

Hali ya sasa

Italia iliamua kwa sheria ya mwaka 1978 kufunga hospitali zake za aina hii, na majengo mengi ya namna hiyo Ulaya na Marekani yamebaki magofu yanayotembelewa na wapiga picha. Mirembe haikuachwa, wodi zake zinapokea wagonjwa. Walioachwa ni baadhi ya waliopona, ambao ndugu zao hawakurudi kuwachukua. Mwenye ndugu yake Mirembe aende akamtazame, na akiruhusiwa kutoka, amrudishe nyumbani.