Mpaka wa Bomba: Kianjai na Historia ya Maji Taka katika Nchi ya Meru

Ukiuliza kwa nini mji wa Meru una mabomba ya maji taka na soko la Kianjai halina, utajibiwa upesi kwamba Kianjai ni ndogo na mabomba ni ghali. Kuna ukweli katika jibu hilo, ila halitoshi. Kianjai, iliyoko Tigania Magharibi, mbele ya Nchiru kwa anayetoka Meru kwenda Maua, ina kila kinachozalisha maji taka: hoteli za chakula, machinjio, shule, zahanati, ploti zenye nyumba za kupanga, na maduka ya mawe yaliyopanda ghorofa. Yote haya yanamwaga kwenye mashimo ya choo au matangi ya septiki. Dai la makala haya ni kwamba tangu mwanzo wa karne iliyopita kilichoamua nani apate bomba la maji taka nchini Kenya ni hadhi ya mahali katika vitabu vya serikali kuliko udongo, idadi ya watu au hatari ya magonjwa. Bomba lilikoma pale manispaa ilipokoma. Ng'ambo ya mpaka huo, kinyesi kilikuwa shauri la mwenye boma.

Mpaka huo ulichorwa mapema, na ulichorwa kwa hofu. Mwaka wa 1902 tauni iliingia kwenye bazaa ya Wahindi mjini Nairobi, na wakuu wa mji wakaamuru bazaa ichomwe moto. Mwaka uliofuata sheria ya miji ikawapa watawala wa Himaya ya Afrika Mashariki uwezo wa kutangaza sehemu fulani kuwa mji, kuziwekea kanuni na kuwatoza wakazi wake ada za usafi. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza hali ya afya ya miji ya Himaya, akapendekeza watu watengwe kwa rangi: Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika kando zaidi. Mapendekezo hayo yakaingia katika upangaji wa miji kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu hata Nairobi yenyewe ilitegemea vyoo vya ndoo vilivyobebwa usiku na vibarua, na mabomba yalipofika yalianzia kwenye mitaa iliyolipa kodi ya majengo na kupiga kura za baraza. Manispaa ya Nairobi ilipoundwa mwaka wa 1919, maji taka tayari yalikuwa huduma ya mlipa kodi wa mji, na mtu wa rizavu, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika, hakuhesabiwa humo.

Huko rizavu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. E. B. Horne, aliyeitwa Kangangi na Wameru, alifungua kituo cha serikali Meru mwaka wa 1908. Sheria ya Afya ya Umma ya 1921 ikampa ofisa wa afya mamlaka ya kuamuru uchafu uondolewe, na Baraza la Wenyeji la Meru, lililoanza katikati ya miaka ya 1920, likapata uwezo wa kutunga kanuni ndogo ndogo na kusimamia masoko. Katika miaka ya 1930 Dkt. A. R. Paterson, mkurugenzi wa huduma za tiba, alisisitiza nyumba bora na choo cha shimo kuliko dawa za hospitali. H. E. Lambert, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua kwa utafiti wake wa lahaja za pwani, alikuwa mkuu wa wilaya (DC) ya Meru kwa vipindi katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Yeye alilitambua baraza la wazee wa Kimeru la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, kuwa chombo cha kutawalia. Kwa hiyo amri ya kuchimba choo ilipita kwa chifu, kwa baraza na kwa wazee, ikaishia mikononi mwa mwenye boma. Aliyekaidi alitozwa faini. Ni lazima tukiri kwamba amri hiyo, pamoja na ukali wake, ilifanya kazi kubwa: shimo refu, kavu, lenye kifuniko, lililo mbali na kisima, hukata njia ya minyoo na kuhara. Hatuna haki ya kulidharau. Lakini amri ileile ilizaa desturi ya kiutawala inayotusumbua hadi leo, kwamba nje ya mji wajibu wa serikali ni kukagua na kutoza faini, na wajibu wa kujenga ni wa raia.

Uhuru ungeweza kuufuta mpaka huo. Badala yake sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu ya serikali za mitaa iliukaza. Kuanzia Januari 1970 mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara, na ile kodi ya viwango iliyokuwa tegemeo lao ikachukuliwa na serikali kuu. Manispaa kubwa hazikuguswa kwa namna hiyo. Tuitazame kwa jicho la Kianjai: baraza lililosimamia soko lilibaki likitoza ushuru wa sokoni asubuhi, huku ofisa wa afya aliyepaswa kulifuatilia soko hilohilo akiwa mtumishi wa Nairobi. Meru na Embu zilipopanda hadhi baadaye, ziliweza kudai mitambo ya maji taka kwa jina la manispaa. Masoko ya Tigania hayakuwa na jina la kudaia. Mwaka wa 1992 wilaya ya Nyambene ilikatwa kutoka Meru, na makao yake yakawa Maua. Kianjai ikawa pembezoni mwa wilaya mpya kama ilivyokuwa pembezoni mwa ile ya zamani. Mwaka wa 2013 kila kitu kikarudi chini ya Kaunti ya Meru, na mafaili yakahama tena. Ofisi zilibadilika mara nyingi bila hata moja kukabidhiwa rasmi swali la maji taka ya masoko madogo.

Maji safi yalikuwa na historia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi. Yalivuka mpaka. Bruda Giuseppe Argese, Mmisionari wa Consolata kutoka Italia ambaye watu walimpa jina la Mukiri, yaani mtu mkimya, alianza kukusanya maji ya msitu wa Nyambene huko Mukululu ili kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa polio waliotunzwa Tuuru. Mradi huo ulikua hadi mabomba yakateremka kwenye vijiji vya Igembe na Tigania, mahali ambapo wanawake walizoea kutembea kutwa kutafuta mtungi mmoja. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa vijiji hivi si manispaa havistahili bomba. Mpango wa kitaifa wa 1974 nao uliahidi maji kwa kila Mkenya kufikia mwaka 2000, na vikundi vya harambee kote Meru vikachimba mitaro kwa majembe. Kufikisha maji safi mashambani kulionekana kuwa jambo la kawaida na la heshima, linalowafaa wafadhili, makanisa na wanasiasa. Lakini maji yanayoingia kwenye ploti lazima yatoke, na huko yanakotoka hakukuwekewa mpango wowote.

Hapa fundi wa mabomba anaelewa kuliko mwanasiasa. Tangi la septiki ni chombo kizuri kikitumiwa kwa kipimo chake. Vitu vizito hutua chini, mafuta huelea juu, vijidudu hula sehemu ya uchafu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo humalizia kazi. Vitu vitatu vinahitajika ili hayo yatimie: eneo la kutosha, maji ya kadiri, na lori la kunyonya tope kila baada ya miaka michache. Zamani, maji yalipobebwa kwa mitungi na ploti ilikuwa na familia moja, vyote vitatu vilipatikana au havikuhitajika. Leo ploti ileile ina vyumba vya kupanga pande zote, kila chumba kina mtu anayefua na kuoga, na shimo la kunyonya limebanwa kati ya msingi wa jengo na ukuta wa jirani. Lori hutoka mbali na hutozwa kwa safari, hivyo mwenye ploti huahirisha hadi maji meusi yaanze kuchungulia uani. Nyanda za Nyambene ni za volkano, na mwamba wa namna hiyo mara nyingi una nyufa zinazopitisha maji bila kuyachuja. Tope lililonyonywa nalo linataka pa kumwagwa, na pasipo mtambo wa karibu, dereva hushawishika na bonde la kwanza atakaloliona.

Sheria mpya zimebadilisha maneno kuliko mabomba. Sheria ya Maji ya 2002 ilianzisha utaratibu wa makampuni ya maji yenye leseni, na ndimo yanamofanyia kazi makampuni ya MEWASS mjini Meru na EWASCO huko Embu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikampa kila mtu haki ya kiwango kinachofaa cha usafi wa mazingira, na Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti huduma za maji na maji taka. Sheria ya Maji ya 2016 ikafuata. Hata hivyo sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya 1 tu kati ya 10 nchini ilikuwa imeunganishwa na bomba kuu la maji taka. Na ngazi ya hadhi bado imesimama: sheria ya miji ya 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2019, inataka watu 50,000 mahali paitwe manispaa, 10,000 paitwe mji, na 2,000 paitwe kituo cha soko. Tena ada ya maji taka kwa kawaida hukokotolewa kama sehemu ya bili ya maji ya mteja aliyeunganishwa na bomba. Kampuni hupata fedha kwa aliye na bomba, na kwa mwenye tangi haipati chochote. Wala tusishangae inapomsahau.

Kuna pingamizi zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya wahandisi: bomba linahitaji maji mengi ili uchafu usikwame, linahitaji mteremko, na kila penye kilima linahitaji pampu na umeme. Kulivuta bomba la Meru kupitia mabonde yote hadi Kianjai kungekuwa gharama kubwa kwa wateja wachache. Ninakubali, na sidai bomba hilo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba kwa kuwa bomba la Meru haliwezi kufika, basi huduma haiwezi kufika. Pingamizi ya pili ni ya wanahistoria: Kibera imo ndani ya Nairobi na ilikosa mabomba hata hivyo, kwa hiyo hadhi ya mji si maelezo. Lakini Kibera ilianza kama ardhi ya jeshi, na Wanubi waliokaa pale walihesabiwa kuwa wapangaji wa Serikali ya Kikoloni kwa ridhaa yake tu. Hadhi ya ardhi yao iliwatoa nje ya mji huku wakiwa ndani yake, na hilo linaiongezea hoja nguvu badala ya kuipunguzia. Hata ng'ambo huduma imefungamana na mpaka. Mwaka wa 1889 vitongoji kadhaa vya Chicago, Hyde Park na Lake View vikiwemo, viliungana na jiji hilo, na tamaa ya huduma bora kama maji na mabomba ya maji taka ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Huko mpaka ulisogezwa kuifuata huduma. Kwetu huduma iliambiwa isubiri mpaka.

Pingamizi ya tatu ndiyo husikika zaidi katika vikao vya bajeti: watu wa masoko madogo hawatalipia maji taka. Lakini tayari wanalipa. Mwenye ploti analipa mchimbaji, analipa saruji, analipa lori, na mpangaji anayarudisha yote hayo katika kodi ya nyumba. Wanalipa bei ghali kwa sababu kila mmoja ananunua peke yake, na fedha hizo hazijengi mtambo wowote. Kama kampuni yenye leseni ingewatoza ada ndogo ya kila mwezi pamoja na bili ya maji, kisha iwanyonyee matangi kwa ratiba, mwenye tangi angekuwa mteja kamili kama mwenye bomba. Mafunzo ya kufanya hivyo hayako mbali. Nakuru imeonyesha kwamba tope la vyoo linaweza kukaushwa na kutengenezwa makaa ya kupikia. Nchiru yenyewe, jirani ya Kianjai, ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati mwaka wa 2013, chenye taasisi ya utafiti wa masuala haya haya. Mtambo wa kusafisha tope linaloletwa kwa malori, na pengine baadaye mabomba mafupi ya kuhudumia katikati ya soko pekee, ni kazi ambayo kaunti inaweza kuibeba bila kungoja Kianjai ipande ngazi.

Kitu kimoja hakiwezi kungoja, nacho ni ardhi. Mabwawa ya kusafishia maji taka ya Nairobi yaliwekwa upande wa Dandora na Ruai wakati ambapo huko kulikuwa mbali na mji. Ardhi iliyotengwa kwa upanuzi wake ilivamiwa na kugawanywa, hadi mwaka wa 2020 serikali ilipotangaza kutwaa tena zaidi ya ekari 3,000. Kando ya barabara ya Meru kwenda Maua ploti zinakatwa na kuuzwa, na chuo kikuu kimeongeza kasi ya biashara hiyo. Kipande cha chini ya mteremko, mbali na visima, kinachofikiwa na lori, bado kinaweza kununuliwa kati ya Nchiru na Kianjai kwa bei ya shamba. Kaunti ikinunue, ikipime, ikisajili kwa jina la umma na kukiwekea alama kabla majengo hayajakizunguka.