Kosa la Mwisho Mwema

Kuna vitabu vya mapenzi ambavyo ukimsimulia mtu kisa chake, atakuuliza, "Halafu?" Nawe utajibu, "Basi, ndiyo hivyo." Mji ni mdogo. Una duka moja la mikate, gereji moja, na watu wanajuana mpaka majina ya mbwa. Kuna ndugu watatu au wanne, wote wanaume, na kila mmoja ana kitabu chake. Katika kitabu cha kwanza kaka mkubwa anampenda mwanamume aliyehamia mjini juzi. Cha pili ni zamu ya anayemfuata. Cha mwisho ni cha kitinda mimba, ambaye wasomaji walikuwa wanamsubiri tangu mwanzo. Hakuna anayekufa. Hakuna anayefukuzwa nyumbani. Ugomvi mkubwa kabisa ni kuhusu nani atasimamia gereji baba akistaafu. Ukifika ukurasa wa mwisho, wapenzi wawili wametulia zao, na ndugu wako jikoni wanamaliza chakula bila kukaribishwa.

Marekani na Uingereza vitabu hivi hutoka kwa mfululizo, na wasomaji wake huvitafuta kwa sifa moja: havina majonzi. Mimi huvisoma kwenye simu, ndani ya matatu ya Magongo, foleni ikiwa imekwama. Beshte yangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini namaliza bando kwa hadithi ambazo ati hazina kitu. Jibu langu ni la kihistoria. Hadithi ambayo wanaume wawili au wanawake wawili wanapendana na hakuna baya linalowapata ni miongoni mwa hadithi zilizopigwa vita sana katika miaka mia iliyopita. Na si huko kwa wenzetu tu. Hapa Kenya vita hivyo vilifika mahakamani.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1913 Mwingereza E. M. Forster alianza kuandika riwaya iitwayo Maurice, akaimaliza mwaka uliofuata. Ni kisa cha wanaume wawili wanaopendana na mwishoni wanabaki pamoja. Wakati huo Uingereza ilikuwa haijasahau kwamba Oscar Wilde alifungwa miaka miwili kuanzia 1895 kwa sababu ya mapenzi kama hayo. Forster akaiweka riwaya yake kabatini. Aliwaonyesha marafiki, akairekebisha tena na tena, lakini hakuichapisha. Alifariki 1970, kitabu kikatoka 1971. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1960 alisema kwamba mwisho mwema ulikuwa lazima kwake, na kwamba kama angemaliza kwa kijana kujinyonga, kitabu kingepata njia rahisi zaidi. Hebu fikiria hilo. Maiti ingekubalika. Wapenzi wawili walio hai ndio waliokuwa balaa.

Marekani nako mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1952 Marijane Meaker, kwa jina la bandia la Vin Packer, alitoa Spring Fire, riwaya ya wasichana wawili wa chuo. Mhariri wake alimwambia wazi kwamba haiwezi kuisha vizuri, kwa sababu vitabu vilisafirishwa kwa posta na posta ingeweza kuvizuia. Basi msichana mmoja akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwingine akaamua kwamba hakuwahi kumpenda mwenzake. Mwaka huo huo Patricia Highsmith, naye kwa jina la bandia, alitoa The Price of Salt, ambamo wanawake wawili wanarudiana na hakuna anayelipa kwa maisha yake. Highsmith alisimulia baadaye kwamba wasomaji walimwandikia barua nyingi za kumshukuru. Walichokuwa wakishukuru ni mtu kutokufa.

Sasa turudi nyumbani. Pwani yetu haikungoja kufundishwa na mtu kwamba watu wa namna hii wapo. Kiswahili kina maneno yake, mengine ya matusi, mengine si matusi kamwe. "Shoga" ni neno ambalo mpaka leo mwanamke wa Pwani humwitia rafiki yake wa kike wa kufa na kuzikana, na neno hilo hilo ndilo linalorushwa barabarani kama jiwe. Mwaka 1987 mtafiti Gill Shepherd alichapisha makala kuhusu Mombasa, akieleza namna cheo na mali vilivyochangia kuamua nani anaweza kuishi vipi. Watu walijulikana. Walikuwa na nafasi yao katika harusi na katika mitaa. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti, nalo ni stara. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukinyamaza, tunanyamaza.

Mimi siwezi kuisifu sana stara hiyo. Iliwapa watu mahali pa kukaa, ila haikuwapa hadithi. Mtazame Abunuwasi. Sote tumekua na visa vyake vya ujanja. Tumecheka vile anavyowapiga chenga sultani na matajiri. Kumbe jina hilo ni la mshairi halisi, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad na kufa mnamo mwaka 814, na sehemu kubwa ya umaarufu wake ni mashairi ya mvinyo na ya kuwapenda wavulana. Bahari ilituletea jina na vichekesho. Mapenzi yakabaki bandarini.

Halafu ikaja sheria. Waingereza walitumia kwanza Kanuni ya Adhabu ya India huku kwetu, kisha mwaka 1930 koloni la Kenya likapata kanuni yake. Kifungu cha 162 kinataja kifungo cha miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta. Kwa hiyo kile ambacho stara ilikiita siri, sheria inakiita kosa la jinai, na mwandishi anayetaka kuandika kisa chepesi cha mapenzi anaanza akiwa tayari ni mshtakiwa.

Hata hivyo watu waliandika. Mganda Monica Arac de Nyeko aliandika hadithi fupi "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni barua ya msichana mmoja kwa mwenzake, wote wa nyumba za kupanga za Nakawa, Kampala, mahali ambapo jirani anajua umekula nini kabla hujanawa mikono. Ukitoka Magongo hutahitaji kuelezewa mtaa huo. Januari 2014 Binyavanga Wainaina alichapisha insha iliyomwambia marehemu mamake kwamba yeye ni shoga. Mwaka huo huo Jim Chuchu na wenzake wa The Nest walitoa filamu Stories of Our Lives, ikapigwa marufuku Kenya na mwaka uliofuata ikapata tuzo Berlin.

Ila kesi inayonihusu zaidi ni ya Rafiki, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe lilisemwa waziwazi. Wanuri Kahiu alichukua ile hadithi ya Nakawa akaihamishia Nairobi. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja. Wanapendana. Si filamu isiyo na majonzi, la: wanapigwa na umati, na Ziki anapelekwa London. Lakini mwishoni Ziki anarudi, na kinachoonekana ni mkono tu begani. Mei 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Mwezi mmoja kabla ya hapo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imeipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu haukuonyesha majuto. Alikataa.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho. Umati ungeweza kubaki. Kipigo kingeweza kubaki. Safari ya lazima ya London ingeweza kubaki. Kilichotakiwa kuondoka ni mkono begani. Miaka 104 baada ya Forster kufungia riwaya yake kabatini, bodi ya Nairobi ilikuwa imefikia hesabu ile ile, bila hata kumsoma.

Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliiondoa marufuku kwa siku saba, ili filamu iweze kustahili kushindania Oscar. Siku saba tu, na Nairobi watu walijaza sinema mpaka tiketi zikaisha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana na bodi. Mwaka 2021 ikaja zamu ya I Am Samuel, filamu ya Peter Murimi kuhusu kijana wa mashambani magharibi mwa Kenya, mwana wa mhubiri, na mwanamume anayempenda. Filamu inafuata familia inayojaribu, polepole na kwa maumivu, kubaki familia. Nayo ikapigwa marufuku.

Nikitazama mambo haya pamoja naona mstari mmoja. Kumbuka pia Mtwapa, hapo kaskazini tu mwa Mombasa, Februari 2010. Uvumi ulienea kwamba wanaume wawili watafunga ndoa. Umati ukatoka, watu wakapigwa, kituo cha afya cha KEMRI kikazingirwa, polisi wakawaondoa waliotuhumiwa. Uvumi haukusema kwamba kuna mtu amejeruhiwa au ameibiwa. Ulisema kuna harusi. Na harusi, kwani ni nini kama si sura ya mwisho ya kitabu cha mapenzi?

Najua hoja ya upande wa pili, na haitoki kwa wapinzani tu. Wapo wanaosema: watu wanaumia kweli, wanafukuzwa kwenye nyumba za kupanga, wengine wanauawa, kuwaandikia visa vya mikate na gereji ni kuwapamba maiti. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini kilio chetu kina wasomaji tayari. Kinatafutwa na magazeti, na wafadhili, na hata bodi ingekivumilia kama kingeishia na majuto. Kijana wa miaka 17 anayeishi nyuma ya soko la Magongo akitafuta mtu kama yeye katika hadithi, atampata akiwa amepigwa, ameambukizwa, ametoroka au amekufa. Yote yanatokea. Ila si yote yanayotokea. Akisoma vifo tu, atadhani kifo ndicho kipaji chake cha kuzaliwa.

Na jambo lingine: Kiswahili kimekaa kama kilitengenezwa kwa kazi hii. "Yeye" hana jinsia. "Mpenzi" hana jinsia. "Ndugu" anaweza kuwa kaka, dada au binamu. Kahiu alieleza kwamba alichagua jina la filamu yake kwa sababu wapenzi wa jinsia moja huku kwetu mara nyingi humtambulisha mwenza wao hivyo: huyu ni rafiki yangu. Mwandishi wa Kiingereza analazimika kuchagua kiwakilishi katika sentensi ya kwanza. Sisi tungeweza kwenda kurasa mia msomaji akipenda watu wawili tu, kabla ya kumwambia ni akina nani.

Mahali navyo vipo. Changamwe ilikua kwa reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza 1963 na kuacha kusafisha 2013. Wanaume walikuja kutoka kila kona ya nchi wakapanga vyumba wawili wawili ili kodi igawanyike. Nyumba ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, bafu uani, na ukuta usiofika juu, hivyo ugomvi wa chumba cha kwanza unasikika cha sita. Wanaume wawili kuishi chumba kimoja Magongo si habari hata kidogo. Habari ni nani hajalipa pesa ya maji.

Basi weka ndugu wanne hapo. Mkubwa yuko kwenye yadi ya makontena. Wa pili ni fundi pikipiki. Wa tatu anauza viazi karai jioni na anajua siri za mtaa mzima. Wa mwisho yuko chuo na anadhani hakuna anayejua lake. Mwanamume anahamia chumba cha tano. Ugumu wa kisa utakuwa nini? Si umati. Ugumu ni kwamba kaka mkubwa hajui kuomba msamaha, na fundi pikipiki ana haya. Na siku maneno ya mtaa yatakapofika mlangoni, wale wengine watatu watasimama hapo, watasema "huyu ni ndugu yetu", halafu watarudi ndani kugombania rimoti.

Utasema hiyo ni ndoto. Ndugu wa namna hiyo wapo. Huwa hawaandikwi, kwa sababu aliyesimama mlangoni akazuia jambo lisitokee hana la kuripotiwa. Historia huhifadhi kilichotokea: kesi, marufuku, mazishi. Usiku ambao hakuna kilichotokea, watu wakala wakalala, unahitaji mtu wa kuuandika kwa makusudi. Bodi ilishatambua thamani ya usiku huo, ndiyo maana iliupigania hivyo. Imebaki sisi.