Hamamu za Zanzibar na maji tunayoogea leo



Asubuhi za mvua hapa Kampala huzuka ubishi ule ule bwenini: josho ni maji ya moto au ya baridi? Kwa upande wa tohara hakuna neno, maji yakiwa safi josho hutimia. Lakini ngozi nayo ina haki yake, na hapo tumeona turejee kwenye historia, Zanzibar, walikotokea wafanyabiashara walioufikisha Uislamu kwa Kabaka Suuna mwaka 1844.

Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu huko Kidichi kwa ajili ya mkewe Shehrzad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga nyingine mjini, hii ya watu wote, kazi akiikabidhi kwa Haji Gulamhussein. Mtaa ukaitwa Hamamni mpaka leo. (Wanafunzi wa Kiarabu watambue: asili ya neno hamamu ni joto.)

Mlikuwa na vyumba vya mvuke, mabirika ya maji ya moto na ya baridi, hata kinyozi. Wala mtu hakurukia motoni. Desturi ya hamamu ni kupanda kidogo kidogo, kutoka chumba cha vuguvugu hadi cha moto, kisha kurudi kwenye ubaridi. Ilifungwa mwaka 1920, na leo mabirika yake ni makavu, wageni huingia kutazama tu.

Sisi je? Sufuria inatokota juu ya sigiri, au bomba la umeme linafunguliwa hadi mwisho, kila siku, na sabuni tele. Ngozi ina mafuta yake yanayozuia unyevu wa ndani usitoke. Maji ya moto sana pamoja na sabuni huyaondoa, ngozi ikapauka na kuwasha, na mwenye ukurutu huzidiwa. Nywele zetu za kipilipili ndizo zinazoumia zaidi, kwani mafuta ya kichwani hayafiki nchani kwa urahisi, zikikauka hukatika. Tuoge maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, kisha tupake mafuta ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya nazi ya wazee wa pwani yanatosha kabisa.

Wapo wasemao maji ya baridi hufunga vinyweleo. Si kweli, matundu yale hayana msuli wa kuyafunga. Faida yake ni kwamba hayaondoi mafuta kama ya moto.

Na enyi kina mama na kina baba, maji ya nyuzi 60 humuunguza mtoto kwa sekunde chache tu. Tangulizeni ya baridi kwenye beseni, ya moto yafuate, mkoroge, kisha mpime kwa kiwiko kabla mtoto hajaingia.

Wabillahi tawfiq.